Baridi ya Oman na likizo ya Januari: kifaa gani kipya kimekufaeni kweli na familia? Tupeane uzoefu

Mama wa Seeb

Asalaam aleikum jamani. Huku Muscat sasa ndiyo hewa tunayoingojea mwaka mzima. Mchana nyuzi 24 au 25, alfajiri 17, viyoyozi vimezimwa, madirisha wazi, watoto wanacheza nje hata saa nane mchana na hakuna wa kuwafukuzia ndani. Skuli zinafunga likizo ya kati ya mwaka na kila nyumba niijuayo inapanga kutoka: wengine jangwani Bidiyah, wengine milimani Jebel Akhdar, wengine kwenye bonde la Wadi Shab, na wasiotaka safari ndefu wanatandika mkeka ufukweni Sifah.

Na likizo haiji peke yake, inakuja na vifaa. Punguzo la bei kila duka, na kila mtu kanunua kitu. Nataka tusemezane kwa tuliyoyaona majumbani mwetu. Mie kipimo changu ni hiki: kifaa kimempunguzia nani kazi, au kimemuwezesha nani kwenda mahali ambapo asingekwenda?

Naanza. Baba yangu ana kisukari cha sindano. Tangu aanze insulini alikataa katakata kulala jangwani. Aliogopa sukari imshuke usiku mbali na hospitali, na alichoka kutobolewa vidole mbele ya wajukuu. Tukawa tunamwacha nyumbani na mtu mmoja wa kumwangalia, sisi wengine tunakwenda roho nusu.

Msimu huu daktari kamuwekea kihisi cha sukari. Ni kidude cha duara, upana wake kama sarafu, kinabandikwa nyuma ya mkono sehemu ya juu. Chini yake kuna uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Kinasoma sukari kila baada ya dakika chache na kuituma kwenye simu yake na kwenye yangu pia. Hiki chake kinakaa siku 14, halafu unabandika kipya. Basi mzee kakubali kwenda. Kakaa kwenye moto na wenziwe, kahawa mkononi, kala kipande chake cha halua huku anatazama mstari kwenye simu unavyopanda, akasema mwenyewe, "Basi, kinatosha." Miaka yote sisi ndio tuliokuwa tukimkataza. Safari hii kajizuia mwenyewe, na hakuna aliyenuna.

Usiku wa manane simu yangu ikalia: 3.6 (kwa kipimo cha mmol/L), sukari imeshuka. Nikaingia hemani na tochi. Mzee kalala ubavu wa kushoto, juu ya mkono ule ule wenye kihisi. Muuguzi alikuwa ameshatueleza: ukikilalia kihisi, majimaji ya chini ya ngozi yanasukumwa pembeni na namba inashuka kwa uongo. Tukamgeuza, tukatoboa kidole kwa kipimo cha kawaida, 6.1. Baada ya muda simu nayo ikapanda. Kwa hiyo wenye wazazi wa namna hii, kipimo cha kidole msikiache nyumbani. Kihisi nacho huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu yenyewe, hasa sukari inapopanda au kushuka kwa kasi.

Haya, nawasikiliza.

Fundi wa Barka

Waaleikum salaam Mama wa Seeb. Mungu amzidishie mzee afya.

Kwetu ni ile betri kubwa ya kubeba, yenye soketi kama za ukutani. Nimeshawaelekeza majirani wengi, basi niandike hapa mara moja. Jambo la kwanza, soma wati, usidanganywe na ukubwa wa boksi. Ya kwangu ina wati-saa 500. Friji dogo la gari, ambalo kwa wastani linakula wati 35 hivi, linakwenda usiku kucha na maziwa ya mtoto yanabaki baridi. Lakini birika la umeme la wati 2,000 hilo halitaki kabisa, linajizima papo hapo. Chai ipikeni kwenye kuni au gesi.

La pili, sola. Jua la Januari liko upande wa kusini na limelala. Ukiilaza paneli chini kama mnavyofanya wengi, unapoteza. Iinamishe ielekee kusini, na kivuli cha hema kisiiguse hata pembeni.

La tatu ni kwa wanaopanda Jebel Shams. Kule ni karibu mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku kuna wakati maji yanaganda. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri, zinaharibika ndani kwa ndani. Lala nayo hemani, ichaji jua likishapanda.

Mke wangu kanambia niongeze: mtoto wetu ana pumu, na mashine yake ya mvuke inatumia umeme. Ndiyo sababu ya kununua. Mengine yote ni ziada.

Binti wa Ibra

Redio koli! Tunakwenda gari nne au tano, na ukishaacha lami Bidiyah mtandao unakatika kwenye mabonde ya mchanga. Ami yangu kagawa redio kila gari. Wa mbele akipanda kilima anasema "subirini, upande wa pili kuna shimo", wa nyuma wanasimama. Kwa wanaoendesha mara ya kwanza hii ni salama kuliko ramani yoyote. Ramani nazo zipakueni kwenye simu kabla hamjaondoka nyumbani.

Na upepo wa tairi. Sisi tunashusha kutoka psi 35 hadi 18 kabla ya kuingia mchangani. Zamani mtu anachuchumaa na ufunguo, anabonya valvu, ssssss, dakika zinakwenda, huku anakisia kwa macho jinsi tairi linavyotuna ubavuni. Sasa tunafunga vidude vinne vya shaba, kimoja kila gurudumu, vimeshasetiwa, vinajifunga vyenyewe upepo ukifika 18. Wakati huo unamnywesha mtoto maji. Kurudisha upepo tuna kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri ya gari, lakini hata usipokuwa nayo, ukitoka tu mchangani kuna mafundi wa tairi njiani. Usikimbilie barabara kubwa na tairi laini, linapata moto na kupasuka.

Kijana wa Ruwi

Roboti ya kufagia. Vigae vya sebuleni safi kabisa, lakini zulia la majlis (chumba cha wageni) lenye mashada inayameza na kukwama. Tunakunja mashada chini kwanza. Mchanga wa safari inauweza.

Bi Mkubwa wa Nizwa

Wanangu, hamjambo. Mie nitasema juu ya jiko la kukaangia kwa hewa ya moto, kwa sababu wakwe zangu wote wamenunua.

Sambusa zinatoka vizuri. Pitisha mafuta kidogo juu kwa brashi, usizirundike, zigeuze katikati. Samaki vipande, mzuri. Kuku, mzuri sana. Kitumbua hakiwezekani, kaimati haziwezekani, unga wake unatiririka na kupita kwenye matundu ya kikapu, utalia. Bajia za kunde ngumu ngumu zinakubali, lakini ladha si ile.

Kikapu chake kinatosha watu wanne. Ijumaa nyumba yangu ina watu ishirini na zaidi, watoto, wajukuu na wake zao. Ukianza na kikapu kile, wa mwisho anakula wa kwanza keshalala. Kwa hiyo siku ya wengi karai linarudi motoni. Siku za kati, mie na mzee wangu wawili tu, nakitumia asubuhi na jioni, na mafuta ya lita moja sasa yanakaa muda mrefu kabatini. Magoti yangu yamenishukuru pia, maana sisimami tena mbele ya karai.

Shuwa msiniulize. Nyama inafunikwa majani ya mgomba, inafukiwa ardhini na makaa siku nzima au mbili. Hakuna mashine ya kazi hiyo, na shimo letu la ukoo lipo palepale.

Dereva wa Sohar

Shikamoo Bi Mkubwa, na salamu kwenu wote. Mimi ni mtu wa Tanga, nipo Sohar naendesha gari la familia. Nimesoma kipimo cha Mama wa Seeb, kimempunguzia nani kazi, nikaona na mimi niseme.

Hali ya hewa hii tunaifurahia sote. Lakini kwenye matembezi kuna watu ambao kwao si likizo. Dada wa kazi anaamka kabla ya wote kuandaa chai, anaosha vyombo kwa maji ya dumu, analala wa mwisho baada ya kupanga vitu garini. Nyumbani ana mashine ya kufulia na bomba la maji ya moto, huko hana. Nimeona familia zimenunua projekta ya kutazamia mpira jangwani, bei yake siitaji, na dada anaosha masufuria gizani kwa tochi ya simu. Sisemi kwa chuki. Bosi wangu ni mtu mwema, nilipomwambia alinunua taa ya kuchaji ya kutundika na beseni lenye bomba la kusukuma kwa mguu. Vitu vidogo. Dada yule mikono yake sasa haipasuki kwa baridi.

Kwangu mimi kifaa kilichonifaa sikukitumia huku, nilikituma nyumbani: taa za sola, tatu kwa paneli moja, zenye tundu la kuchajia simu. Umeme kijijini kwetu unakatika mara kwa mara. Mama watoto ananiambia wanangu wanasoma usiku, na simu haizimiki tena tunapoongea. Ijumaa jioni nakaa ufukweni Sohar, upepo mzuri, nawaona kwenye video, kila mmoja ananionyesha daftari lake. Hiyo ndiyo likizo yangu ya familia mpaka mkataba uishe.

Mama wa Seeb

Kaka wa Sohar, ahsante kwa kuyasema haya waziwazi. Nimeyasoma kwa sauti mbele ya watu wa nyumba yangu wakati wa chakula. Tumekubaliana hivi: tukitoka, kila mtu aliyekwishafika umri wa skuli anaosha sahani yake, wanaume wa nyumba wanachukua masufuria, na dada anapata Ijumaa yake nzima ya kukaa na kuongea na watu wake kwao. Wenye nyumba nyinyi wengine mnafanyaje? Andikeni, hili ni muhimu kuliko betri na redio.

Binti wa Ibra

Kwetu dada halazimiki kuja. Anaulizwa. Akija anakuja kama mgeni, na bibi yetu ndiye msimamizi wa hilo, hakuna anayethubutu kumtuma.

Mtu wa Vuga, Unguja

Nyinyi mnavaa masweta, huku kaskazi inapuliza na jua linawaka, tunajipepea. Binamu zangu wa Muscat walipiga video wakiwa wamezunguka moto, mama yangu akawauliza kama wana homa! Nimefurahi sana. Babu alikuwa akisimulia kwamba upepo huu huu wa kaskazi ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Oman kuanzia Desemba, na watu wakingoja upepo ugeuke uwe kusi ndipo warudi. Miezi mingi familia haina habari. Leo namuona shangazi anapepea makaa wakati huo huo anapoyapepea. Mie simu ndiyo kifaa changu, sina kingine.

Muuguzi wa Salalah

Narudi kwenye makaa hayo. Tafadhali sana, kila msimu wa baridi lazima tulirudie hili: usiingize jiko la makaa wala hita ya gesi ndani ya hema mkalala nayo. Makaa yanayowaka kwenye nafasi iliyofungwa yanatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, wala haikuamshi. Kichwa kikianza kukugonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu, toeni watu wote nje kwenye hewa na mpige simu ya dharura 9999. Kuna kengele ndogo za betri zinazoinusa gesi hii. Ukiniuliza kifaa kipya cha baridi, mie ndicho nitakachokutajia cha kwanza, na hata ukiwa nacho jiko libaki nje. Watoto wavisheni soksi mbili na muwafunike mablanketi, inatosha kabisa kwa baridi yetu.

Bi Mkubwa wa Nizwa

Umesema kweli muuguzi. Mama yangu alikuwa akiyatoa makaa nje mwenyewe kabla ya kuzima taa, hamuachii mtu.

Nina swali. Ramadhani sasa inaangukia msimu wa baridi, mchana mfupi, hewa ya baridi, na mzee wangu ana sukari kama baba wa Mama wa Seeb. Anataka kufunga. Akivaa hicho kihisi, inasaidia?

Muuguzi wa Salalah

Inasaidia, lakini si ruhusa ya kufunga. Mpeleke kliniki wiki sita au nane kabla, daktari amtazame kama hali yake inamruhusu na abadilishe vipimo vya dawa, maana saa za kula zinahama. Akifunga, namba ya kukumbuka ni 3.9: ikishuka chini ya hapo anafungua papo hapo, hata kama zimebaki dakika chache adhana iingie. Ikipanda juu ya 16.6, vilevile afungue na mumpigie daktari. Kutoboa kidole hakubatilishi saumu, wanachuoni wengi wamelieleza hilo, kwa hiyo asiache kupima kwa kuogopa. Na amwambie mtu wa nyumbani apokee namba zake kwenye simu, hasa saa mbili za mwisho kabla ya magharibi.

Bi Mkubwa wa Nizwa

Ahsante mwanangu. Jumapili naomba miadi.