Karatasi ya tatu inarudishaje mwanga?

Nahodha_Shela:
Assalaam alaykum wakubwa. Mimi navusha wageni kwa mashua kwenda kisiwa cha Manda, na mmoja aliniachia miwani ya polaraizi, ile ya kukata mng'ao. Kwa kuonea mafungu chini ya maji haina mfano. Kasoro yake moja: nikilaza simu, kioo cheusi ti! Jana nikabandua ile karatasi ya kijivu kwenye kioo cha kalkuleta mbovu ya binti yangu, nikaiweka baina ya simu na miwani. Nikiinyoosha, giza lile lile. Nikiinamisha kama foromali, ule mti wa tanga, maandishi yanarudi! Shule nilifunzwa sufuri mara chochote ni sufuri. Sasa mwanga huu umetoka wapi?

Mwalimu_Mstaafu:
Waalaykum salaam, nahodha. Umezidisha mapema. Mwanga si magunia ya kuhesabu tu, una upande unaotikisikia, kwa hivyo uandike kama vekta, namba mbili: ya kwanza ya mlalo, ya pili ya wima. Simu, miwani na karatasi yako, kila kimoja ni chujio la upande mmoja. Wa simu iliyolazwa ni (1, 0). Miwani hupitisha wima peke yake, yaani namba ya pili, nayo ni 0. Ndiyo giza lako.

Karatasi ya nyuzi 45 ni matriksi, yaani jedwali la namba la kuzidisha vekta, yenye ½ katika nafasi zote nne. Zidisha: (1, 0) inakuwa (½, ½). Wima umezaliwa! Miwani inabakisha (0, ½), na ukali ni mraba wake: robo. Hesabu hii ni ya Mmarekani R. Clark Jones, 1941.

Binti_Langoni:
Matriksi hizo hupangwa kuanzia kulia: kinachokutana na mwanga kwanza kinakaa kulia kabisa. Tuliosoma chuoni hatupati tabu 😄 Na mpangilio una maana. Hebu weka karatasi baina ya miwani na jicho.

Nahodha_Shela:
Giza! Wallahi nimecheka peke yangu. Kwa nyuzi 30 nimepata 3/16, ni sawa?

Mwalimu_Mstaafu:
Sawasawa. Ila vekta hiyo usiende nayo baharini. Mng'ao wa majini mara nyingi ni mchanganyiko, sehemu una upande, sehemu hauna. Huo unataka namba nne za mwanafizikia Stokes (1852), zinazobeba pia mwanga usio na upande, na matriksi za mwanafizikia Mueller, safu nne kwa nne. Maji yakitulia na jua likiwa kama nyuzi 37 juu ya upeo, mng'ao wake wote umelala, na miwani huufuta karibu wote.

Nahodha_Shela:
Nyuzi 37 kwetu ni saa tatu kasoro asubuhi, na tena karibu saa kumi. Kesho saa tatu kasorobo niko mlangoni mwa Shela na wageni sita. Miwani naivaa, simu naiacha kwa baharia.