Kikundi cha Ukoo wa Bibi Tabu: Safari ya Iringa

Zawadi: Shikamooni wazee. Gari limechemsha tena. Niko foleni ya Ubungo, mshale wa joto umefika kwenye nyekundu na mvuke unafuka kwenye boneti.

Shangazi Mwajuma: Marahaba, pole mwanangu. Fungua rejeta umwagie maji ya baridi.

Mjomba Selemani: USIFUNGUE! Mwajuma, unataka kumuunguza mtoto? Mle maji yana presha, yanapita nyuzi 100 na hayajachemka. Ukilegeza mfuniko tu, yanakurukia usoni. Sogea pembeni, zima, subiri zaidi ya nusu saa.

Shangazi Mwajuma: Haya dereva wa malori, nimenyamaza 😄

Bakari: Hiyo gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba maji yasiingie kwenye injini na oili. Yangu ilianza hivyohivyo. Andaa hela dada.

Zawadi: Jamani 😭 Fundi wa jana kasema thamostati, ile inayofungulia maji yaende kwenye rejeta, anataka kuing'oa kabisa.

Mjomba Selemani: Hawa vijana dawa yao kung'oa tu. Hebu nijibu, linachemsha ukiwa mwendo au foleni?

Zawadi: Foleni tu. Juzi nimekwenda Kibaha na kurudi, mshale haukusogea.

Mjomba Selemani: Thamostati ingegoma kufunguka, Kibaha usingefika. Ukiwa mwendo, upepo wenyewe unapooza rejeta. Ukisimama, kazi yote ya feni. Chomoa kijiti cha oili, imechanganyika na maji ikawa kama chai ya maziwa?

Zawadi: Hapana, nyeusi ya kawaida.

Mjomba Selemani: Bakari, gasketi yako weka kando kwanza. Zawadi, likipoa ongeza maji, washa injini na AC, kisha tazama feni. Mikono mbali!

Zawadi: Limepoa. Limekunywa karibu lita nzima. Feni imetulia tuli, AC inawaka.

Mjomba Selemani: Ehee. Zima. Kwenye boksi la fyuzi angalia ya feni. Ikiwa nzima, chomoa rilei ya feni, kile kiswichi kidogo cha umeme, weka ya honi, ila namba zifanane.

Zawadi: INAZUNGUKAAA 🙌

Shangazi Mwajuma: Alhamdulillah. Safari ya mahari Jumamosi iko palepale.

Bakari: Kwa hiyo siyo gasketi?

Zawadi: Ila mjomba, honi sasa imekufa.

Mjomba Selemani: Si umeinyang'anya rilei yake? Nunua nyingine leo hiihii. Mlima Kitonga, njia ya Iringa, utapanda nyuma ya malori mwendo wa kobe, bila feni hufiki juu. Na zile kona utataka honi.

Shangazi Mwajuma: Na mkeka wangu uko kwako Zawadi, usiusahau.