Kwenye laptopi picha iko poa, ikisafishwa inatoka nyeusi na ngozi nyekundu. Shida iko wapi?

mwanga_wa_ziwa

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa mnaopiga harusi na kusafisha albamu. Nina kazi ya sendofu niliyopiga hapa Mwanza, bibi harusi ni mweusi wa kung'aa, gauni la zambarau iliyokolea, ukumbi una zile taa za LED za kubadilika rangi lakini muda mwingi zilikuwa bluu. Nimepiga RAW (faili ghafi la kamera) nikaediti kwenye Lightroom usiku nyumbani, kwenye laptopi ngozi iko vile vile ilivyo, weusi wenye mwanga, ila zambarau ilikuwa imeelekea bluu kidogo nikaiacha. Nimepeleka kusafisha, albamu imerudi nyeusi tii, nywele na suti vimeungana na ukuta wa nyuma, ngozi imekuwa nyekundu kama tofali na gauni ndo limekuwa bluu kabisa. Nikamtumia mama yake kwa WhatsApp, kwenye simu yake binti anaonekana wa njano na rangi zinawaka kupita kiasi. Picha moja sura tatu.

Jamaa wa labu anasema mashine yake haina tatizo. Sasa naomba kujua, hiki kifaa cha kukalibreti kioo kinasaidia kweli au ni biashara za watu tu? Na kuna mtu kaniambia kamera niiweke Adobe RGB badala ya sRGB (hivi ni vipimo vya upana wa rangi) ndo nitapata rangi nyingi, ni kweli? Albamu inabidi irudiwe na nataka ngozi ya yule dada itoke ilivyo, ndo kitu alichosisitiza tangu mwanzo, asifanywe mweupe na asifanywe mwekundu.

fundi_rangi

Pole mkuu. Hapo matatizo mawili yamekutana, giza ni moja na rangi ni lingine, ukiyashughulikia kama kitu kimoja hutatoka.

Tuanze na giza. Laptopi nyingi ukipandisha mwanga mpaka mwisho inatoa kandela (kipimo cha mwanga) 250, 300 na kuendelea kwa mita ya mraba, na karatasi haina mwanga wake, inarudisha tu ule wa chumba. Kwa kazi ya kusafisha watu huweka kioo kati ya kandela 80 na 120. We umeediti usiku, chumba giza, kioo kinawaka, jicho likaona picha ina mwanga wa kutosha kumbe mwenye mwanga ni kioo, kwa hiyo ukaishia chini. Fungua hizo picha uangalie histogramu (ile grafu yenye giza kushoto na mwanga kulia), nadhani utakuta nyingi zimelundikana kushoto. Histogramu inasoma faili lenyewe, haijali kioo chako kikoje, ndo maana ukiwa na kioo usichokiamini hiyo ndo ya kuishikilia.

Kabla hujatoa hata shilingi moja zima Night Light ya Windows au True Tone kama ni Mac, zima ile ya mwanga kujipandisha na kujishusha wenyewe, shusha mwanga wa kioo mpaka karatasi nyeupe ukiishika pembeni yake vikaribiane, na usiediti kwenye giza wala chini ya taa ya rangi. Night Light ni mbaya zaidi kwa wanaofanya kazi usiku maana kioo kinakuwa na unjano, jicho linazoea, na wewe unaongeza bluu kufidia kitu ambacho kwenye picha hakipo.

Sasa kifaa. Kinasaidia, na sababu ni hii: picha ni namba tu. Nyekundu 190, kijani 120, bluu 95, hizo namba kila kioo kinazitoa kivyake, changu chenye unjano, chako chenye ubluu, cha simu chenye kuwaka. Ndo maana mwaka 1993 kampuni kama Adobe, Apple, Kodak na Microsoft ziliunda ICC, umoja wa viwango vya rangi, ili kila chombo kiwe na profaili yake, faili linaloeleza "mimi ukinipa namba hizi natoa rangi hii hasa". Kifaa unakining'iniza juu ya kioo, programu inaonyesha rangi moja baada ya nyingine ambazo yenyewe inajua namba zake, kifaa kinasoma kilichotoka kweli. Halafu inafanya kazi mbili ambazo watu wanazichanganya. Kwanza inakalibreti, yaani inakivuta kioo kifike hali uliyochagua, kawaida weupe wa D65 (kama mwanga wa mchana), gama 2.2 (namna giza linavyopanda kwenda mwanga) na mwanga wa kandela kama 100 au 120. Pili inaandika profaili ya kasoro zilizobaki, na hiyo ndo Lightroom na Photoshop zinaisoma. Programu nyingine za kuangalia picha hazisomi profaili, kwa hiyo usishangae picha hiyo hiyo kwenye laptopi hiyo hiyo ikaonekana tofauti ukiifungulia kwingine.

Ukinunua kifaa kilichotumika kuwa makini na umri wake. Vile vya zamani sana vichujio vyake vya rangi vinachakaa kwa miaka na unyevu, mtu wa Tanga au Mombasa asinunue bila kupima. Ile i1Display Pro ya X-Rite ni salama zaidi, siku hizi vifaa vyao vya wapiga picha vinauzwa kwa jina la Calibrite tangu 2021. Programu usinunue, DisplayCAL ni bure na inatumia injini ya ArgyllCMS ambayo nayo ni bure, ila kwenye kompyuta mpya tafuta ile iliyoboreshwa kwa Python 3 maana ya zamani inasumbua. Na kwa vile programu ni bure mnaweza kuchanga wapiga picha watatu wanne mkanunua kifaa kimoja, mnazungushiana kila baada ya mwezi hivi, kioo hakibadiliki kila siku.

Ila nikuambie ukweli, kifaa hakigeuzi kioo kibovu kuwa kizuri. Kama laptopi yako ni TN, ile ukiinamisha kidogo rangi zinageuka, au ni zile zilizoandikwa 45% NTSC (yaani zinatoa rangi chache), hata sRGB haiimalizi. Itakuwa kioo kibovu kinachojulikana ubovu wake, na hiyo bado ni afadhali. Mbele ya safari tafuta monita ya IPS (aina ambayo rangi hazigeuki ukiinamisha) inayofikisha sRGB yote, hata iliyotumika.

hela_ngumu

Mi naona mnamtisha jamaa na vifaa. Chukua picha moja iliyotoka labu, ishike pembeni ya kioo, rekebisha kioo mpaka kifanane na picha, umemaliza. Nimefanya hivyo mwaka wa ngapi sijui na wateja wanalipa.

fundi_rangi

Kwa upande wa mwanga nakubaliana na wewe asilimia mia, hata mimi nimemwambia hivyo hivyo. Kwa upande wa rangi ndo sikubali, maana ukirekebisha kioo kifanane na picha ya labu siku ambayo labu ilikuwa na wekundu, umeuhamishia wekundu kwenye kioo chako, ukibadilisha labu unaanza upya. Na ile picha yenyewe umeiangalia chini ya taa gani? Bomba lenye ubluu na balbu ya njano vinakupa picha mbili tofauti. Iangalie dirishani mchana, kwenye mwanga wa kivuli siyo jua la moja kwa moja.

dada_wa_labu

Naomba niongee kwa niaba ya tuliokaa upande wa pili wa kaunta, nimeendesha mashine za kusafisha muda mrefu.

Kaka, swali la kwanza unalotakiwa kuuliza labu ni je, mliweka oto, yaani mashine irekebishe rangi yenyewe? Mashine ikiwa kwenye oto inaiangalia picha nzima inatafuta wastani. Ikiona bluu imetawala inadhani ni kasoro ya picha, inasukuma kinyume chake, yaani kwenye njano na nyekundu. Ukumbi wako ulikuwa na taa za bluu, kwa hiyo ule wekundu wa ngozi kwa sehemu kubwa naona umetokea hapo. Ndo yale yale ya picha za bustanini, majani ya kijani yakijaa picha nzima mashine inaongeza majenta (waridi iliyokolea) na watu wote wanatoka na uso mwekundu. Na mwanga pia, mtu mweusi akiwa na gauni jeupe mbele ya pazia jeupe, mashine inaona weupe umezidi inatia giza, gauni linapendeza na uso unapotea. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweusi inafanya kinyume, inamng'arisha mpaka anakuwa wa kijivu. Haimjui bibi harusi ni nani, inajua wastani tu.

Tuna vitufe vya sayani (bluu yenye ukijani), majenta, njano na densiti (giza na mwanga), opereta mzuri anaweza kurekebisha picha moja moja kwa jicho, lakini siku ya kazi nyingi hana huo muda. Kwa hiyo we ukiwa umeediti mwenyewe mwambie kabisa "oto izimwe, rangi msiguse", aandike kwenye bahasha. Halafu kabla ya albamu nzima leta picha tano sita zenye hali tofauti zisafishwe ndogo, gharama yake ni kidogo sana ukilinganisha na kurudia albamu.

Kuhusu Adobe RGB usituletee, nakuomba. Mashine nyingi za labu zimewekwa zisubiri sRGB na nyingi hazisomi profaili ya faili, ukileta Adobe RGB namba zinasomwa kama sRGB na rangi zote zinapooza, ngozi inakufa.

Na labu nayo ina wajibu wake. Muulize wanakalibreti mashine lini, inatakiwa mashine itoe kipande cha majaribio na kukisoma kabla ya kazi ya siku, na kila wakibadilisha karatasi. Dawa za kusafishia zinataka joto lisilobadilika na zinataka kazi, wiki yenye picha chache dawa inakaa bila kuongezewa mpya inachoka, umeme ukikatika inapoa, na rangi inahama. Jamaa akikuambia "iko sawa" mwombe akuonyeshe kipande cha leo asubuhi, labu inayojiheshimu haitakasirika.

mwanga_wa_ziwa

Aisee. Nimefungua histogramu kweli zote kushoto, na nimempigia jamaa kasema oto huwa iko wazi muda wote kwa kila mtu. Asante sana dada yangu, asante mkuu. Vipi kuhusu gauni? Maana hilo hata kwenye laptopi lilishaanza kuwa bluu. Na simu ya mama je?

lenzi_pwani

Salama ndugu zangu, nachangia kutoka Mombasa. Zambarau ni ugonjwa wa kamera za dijitali, siyo wako. Kitambaa cha zambarau kinarudisha bluu na kile chekundu cha mbali (cha mwisho kabisa jicho linachokiona) ambacho kamera inakiona tofauti na jicho, ongeza taa ya LED ya bluu basi chaneli ya bluu inajaa mpaka mwisho na hakuna kilichobaki cha kurekebisha, waiti balansi (kurekebisha weupe wa picha) haisaidii hapo. Zile fremu zilizopigwa chini ya bluu tupu zigeuze nyeusi na nyeupe au uziache zionekane ni za taa za ukumbi. Zilizo na mwanga mchanganyiko unaweza kuziokoa, chukua ile ya kurekebisha rangi moja moja kwenye Lightroom, sogeza bluu na zambarau kuelekea majenta kwenye gauni tu kwa kutumia maski, ngozi usiiguse. Na ujue zambarau iliyokolea sana karatasi haiwezi kuitoa yote, kama labu ina profaili ya karatasi yake iombe, Lightroom inakuonyesha kwenye kioo sehemu ambazo zitapotea, uzipunguze mwenyewe taratibu badala ya kuachia mashine izikate.

Safari ijayo beba ile kadi ya rangi 24, ColorChecker. Piga nayo fremu moja kila taa zikibadilika, mpe bibi harusi aishike sekunde mbili, ukifika nyumbani unatengeneza profaili ya kamera kwa taa zile zile. Kwa ngozi yetu hiyo kadi ni muhimu kuliko kifaa cha kioo, nasema hivyo kwa dhati. Tangu miaka ya 1950 labu zilikuwa zinapima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, mpaka miaka ya 1990 ndo zikaja zenye wanawake wa rangi tofauti. Miaka yote hiyo mashine ikiwa "sawa" ilikuwa sawa kwa ngozi ile. Na priseti nyingi (mipangilio ya kuediti iliyo tayari) tunazopakua leo zimetengenezwa kwa ngozi hiyo hiyo, ukimwekea dada mweusi zinampandishia machungwa na kumsafisha weusi wake. Tengeneza yako kutokana na watu unaowapiga.

Adobe RGB kwenye kamera haina maana ukipiga RAW, ule mpangilio unagusa JPEG tu na kile kijipicha cha nyuma ya kamera. Editi RAW, mwisho toa sRGB, labu na simu zote.

Simu ya mama huiwezi kuitawala, nyingi zinatoka dukani zikiwa kwenye hali ya rangi kali, mwelekeze kwenye mipangilio ya kioo achague rangi za asili. Na picha tuma kama dokumenti, siyo kama picha, WhatsApp isizibane.

pasipoti_chapchap

Samahani nadandia. Mi nina Epson L805 nasafishia pasipoti na picha za papo kwa papo, wino nilibadilisha nikaweka wa bei rahisi, sasa kila picha ina umajenta. Ni kioo pia?

fundi_rangi

Hapana, hiyo haitokani na kioo. Kwanza angalia kama hujaweka usimamizi wa rangi mara mbili, Lightroom inageuza rangi kwa profaili na draiva ya printa nayo inageuza tena, dalili yake kubwa ni huo umajenta. Chagua mmoja afanye kazi. Ukichagua profaili kwenye Lightroom basi kwenye draiva zima kabisa urekebishaji wa rangi. Ukishafanya hivyo umajenta ukabaki, basi ni wino, maana profaili iliyokuja na printa imetengenezwa kwa wino wa Epson na karatasi ya Epson, ukibadilisha kimojawapo haikuhusu tena. Tafuta mtu mwenye spektrofotomita (kifaa cha kusoma rangi za karatasi), utamprintia ukurasa wa viboksi vya rangi bila urekebishaji wowote, uuache ukauke mpaka kesho yake, yeye anausoma na kukutengenezea profaili ya wino huo na karatasi hiyo. Kile kifaa cha kioo cha kawaida hakiwezi kusoma karatasi, usije ukanunua kwa ajili hiyo.