Tupeane uzoefu: Kaskazi ya Bagamoyo, ngoma inalegea, picha inaota ukungu, mchicha unaungua

MlinziWaUpepo
Wakuu, salaam. Vuli ikishakatika na kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini, ikashika, kuanzia katikati ya Desemba mpaka masika yanapobisha hodi mwezi Machi, mji wetu hubadilika tabia. Mchana nyuzi 31 hadi 33, usiku 24 au 25, na ile hewa nzito ya baharini haibanduki. Wapiga ngoma wanalaumu joto, wachoraji wa Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo wanalaumu joto, wenye bustani kuanzia Dunda mpaka Kiromo nao vilevile. Kwa mtazamo wangu joto linasingiziwa. Dodoma kuna joto na ngoma zinalia vizuri tu. Huku pwani waharibifu ni wawili: unyevu na chumvi.

Tupeane uzoefu, ila "siku moja mimi nilikuwa..." tuziweke kando. Leteni hatua, vipimo na sababu.

FundiWambo
Naanza na ngozi. Ngozi ya mbuzi hunywa maji ya hewani. Ikinywa inatanuka, sauti inashuka. Ikikauka inajikunja, sauti inapanda. Ndiyo maana ngoma iliyolia safi saa nane mchana, saa mbili usiku inatoa "bwu".

Ukiwamba, yaani kuivuta ngozi juu ya mdomo wa ngoma, katika msimu huu: loweka ngozi kwenye maji baridi kwa saa 12 hadi 24, kamwe si maji ya moto, kwa sababu ngozi mbichi ikipata maji ya moto inasinyaa na haitarudi. Mstari wa uti wa mgongo upite katikati ya mdomo wa ngoma, ili unene ulingane pande zote mbili. Vuta kwa zamu za mkabala: kigingi hiki, kisha kinachokitazama, kama unavyokaza nati za gurudumu. Usiivute mpaka mwisho ikiwa mbichi. Itajivuta yenyewe ikikauka, na iliyovutwa kupita kiasi hupasuka pembeni kwenye vigingi usiku ambao hakuna hata mtu aliyeigusa.

Kausha kivulini penye upepo siku 3 au 4. Wengi wanaianika juani ili wawahi shughuli. Jua hukausha ukingo kabla ya katikati, wambo unakaa upande, na huo hautengenezeki mpaka uiloweke upya.

Chapuo_na_Vumi
Naongezea kuipasha moto kabla ya kupiga, maana hapo ndipo ngoma nyingi hufa.

Moto wa makuti makavu au maboksi, mwali mwepesi. Mkaa unaweza, lakini joto lake linakaa sehemu moja. Inamisha ngoma ukiwa umeiweka mbali kiasi cha urefu wa mkono, izungushe polepole, na kila mara weka kiganja juu ya ngozi. Kiganja kikishindwa kutulia pale, ngozi nayo imeshindwa, iondoe. Gonga, sikiliza, rudisha.

Mpangilio una maana yake. Ngoma kubwa yenye ngozi nene ya ng'ombe ianze, kwa kuwa inachelewa kupata joto na inachelewa kulegea. Ndogo ya ngozi nyembamba iwe ya mwisho kabisa, watu wakiwa wameshasimama kwenye duara, kwani usiku wa kaskazi inaweza kuanza kushuka ndani ya nusu saa. Shughuli ikiwa ndefu, moto usizimwe, uendelee kuwaka kidogo pembeni.

KijanaWaNianjema
Mkuu, ukipaka mafuta ya nazi juu ya ngozi si inazuia unyevu?

FundiWambo
Hapana kijana wangu. Mafuta yanalainisha nyuzi za ngozi, sauti inakuwa nzito moja kwa moja, na harufu yake ikichacha inaita panya na mende. Panya anakula wambo usiku mmoja. Mafuta kidogo yanafaa kwenye mti tu, hasa ncha za juu na chini ambako mbao hupasuka. Ufa mdogo usioingia ndani: changanya unga wa msasa wa mti uleule na gundi ya mbao mpaka iwe uji mzito, jaza, acha siku nzima, piga msasa. Ufa unaopita mpaka ndani hauzibwi kwa uji. Unahitaji mshipi wa chuma au kamba ya kubana kwanza.

Na jambo la mfuko wa nailoni: ngoma iliyopashwa ikishapoa, ifunge nailoni ukienda nayo kwenye shughuli, itashikilia ukavu kwa muda. Ila isilale humo. Asubuhi utakuta inatoka jasho na madoa ya ukungu. Kulala ilale kwenye kanga au gunia, juu ya meza, mbali na ukuta.

NyuziNaMeno
Kwa vyombo vya chuma adui ni chumvi. Ilimba, ile ya meno ya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ambayo tangu enzi za mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose ni chombo cha Bagamoyo kama ilivyo cha Ugogoni, hushika kutu kwenye meno yake ya chuma. Kutu hubadilisha uzito wa jino, kwa hiyo sauti inahama hata kama jino halijasogea. Kila ukimaliza kupiga, futa jasho la vidole kwa kitambaa kikavu. Mara moja kwa wiki, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa, pitisha juu na chini ya kila jino, kisha futa tena. Mafuta yakibaki yanakusanya vumbi kwenye daraja, kile kipande kinachobeba meno, na jino linaanza kukwaruza. Lile tundu lenye utando wa buibui usiliguse na kitambaa.

Gitaa linapenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na chumba cha kawaida hapa hakishuki hadi huko. Kwa hiyo gitaa likae ndani ya boksi lake, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye viatu vipya. Usilisahau kwenye gari lililofungwa juani. Humo joto hupita nyuzi 50, gundi ya daraja inalainika huku nyuzi zinavuta, na daraja linabanduka.

RangiBarazani
Nije kwenye picha. Mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968, ulitumia hadibodi (ubao mwembamba wa kushindiliwa) na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya baiskeli. Rangi hiyo inastahimili pwani kuliko watu wanavyodhani. Inayoiharibu ni haraka ya mchoraji.

Kosa la kwanza ni tabaka nene. Juu linafunga ngozi, chini bado bichi, kesho yake uso umekunjamana. Tabaka mbili nyembamba, na kati yake siku nzima. Unyevu ukizidi, siku mbili. Kosa la pili ni kuzimua kwa mafuta ya taa kwa sababu ni rahisi kupatikana. Yanaacha utelezi usiokauka vizuri, vumbi linaganda. Tumia tapentaini, kidogo kidogo, rangi idondoke kwenye brashi bila kutiririka. Tatu, muda. Hewa huwa kavu zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ukipaka jioni, umande unaufifisha mng'ao, na ukiwasha taa wadudu wote wa Mji Mkongwe wanakuja kujibandika kwenye anga la simba wako.

Hadibodi nayo ipakwe rangi ya msingi pande zote mbili na kwenye kingo. Ukipaka mbele tu, nyuma inakunywa unyevu na ubao unapinda.

Kwa turubai: katika kaskazi inalegea kama ngoma za wenzetu hapo juu. Usiivute upya kwa misumari kila ikilegea, maana ikija hewa kavu itapasua kona. Tumia vipande vidogo vya mbao vya kupigilia kwenye kona za fremu, unavigonga kidogo tu. Ukitundika, weka vizibo nyuma ili picha iachane na ukuta sentimita 2 au 3. Kuta za mawe ya matumbawe zinapitisha unyevu, na ukungu huanzia nyuma usikokuona.

MamaBamia
Hodi wanangu. Mmesema ya ngozi na rangi, sasa tule nini?

Udongo wetu ni mchanga, maji yanapita tu. Kiangazi hiki usinyanyue matuta. Tengeneza vitanda vya kuzama, sentimita 10 hadi 15 chini ya njia, upana mita 1 ili mkono ufike katikati. Matuta ya kunyanyua yangojee masika. Samadi ya mbuzi iliyooza miezi miwili au mitatu, debe moja la lita 20 kwa mita 3 au 4 za mraba. Samadi mbichi inaunguza, na watu wanasema "jua kali".

Maji: lita 5 au 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kitanda cha mita 1 kwa 10 kinataka ndoo kubwa tatu. Zigawe, nusu alfajiri, nusu kabla ya saa kumi na moja jioni ili majani yalale makavu. Ukimwaga zote mara moja kwenye mchanga, mengi yanakwenda chini ambako mizizi haifiki, na mbolea yako imefuatana nayo.

Cha kupanda: bamia, kunde, matembele, nyanya chungu, kisamvu. Bamia loweka mbegu usiku mmoja, mbili kwa shimo, sentimita 30 kati ya mashimo na 60 kati ya mistari, ng'oa dhaifu. Ikianza kuzaa chuma kila baada ya siku mbili. Likikomaa moja, mti unajiona umemaliza kazi. Mchicha changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, wiki ya tatu au ya nne unang'oa.

KiromoShambani
Mama, na nyanya? Zinatoa maua, maua yanadondoka yote.

MamaBamia
Si ugonjwa, mwanangu. Nyanya inataka usiku wa baridi kidogo ili chavua iwe na nguvu. Usiku ukikaa nyuzi 24, 25, ua halishiki. Usiongeze mbolea ya chumvichumvi, utapata majani tu. Panga maua yaangukie Julai na Agosti, wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini: kitalu Aprili au Mei chini ya paa kwa sababu ya mvua za masika, uhamishe mwishoni mwa Mei au Juni.

MvuviMstaafu
Wenye visima karibu na ufuo, angalieni bamvua. Maji makuu yakijaa, ya chumvi yanasukuma ya chini ya ardhi. Onjeni maji kabla ya kumwagilia. Dalili kwenye mmea ni ncha za majani kukauka kahawia kuanzia pembeni, huku udongo umelowa. Msichote kisima mpaka kikaukiwe; mkizidisha mnaivuta bahari ndani. Choteni kidogo kwa zamu.

Na msijenge ukuta kuzuia upepo. Upepo unaruka ukuta na kuanguka upande wa pili kwa fujo. Ua wa makuti au mabua wenye matundu karibu nusu ni bora, nao unakinga eneo la nyuma yake, upande upepo unakoelekea, mpaka kama mara kumi ya kimo chake.

BiAsumini
Makumbi ya nazi ni matandazo mazuri, ila ulizeni yametoka wapi. Yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokotea kamba yamejaa chumvi. Loweka kwenye maji yasiyo ya chumvi, mwaga, rudia mara tatu, ndipo uyatandaze unene wa sentimita 5, yasiguse shina.

Asumini msimu huu inapenda jua lote na maji ya asubuhi. Ikimaliza mzao mmoja wa maua, kata matawi theluthi moja, maana maua yanakuja kwenye vichipukizi vipya. Kwa kikuba, kile kifungu cha maua ya kujipamba, chuma matumba meupe yaliyofumba kabla ya magharibi, yatafunguka yenyewe usiku. Yaliyochumwa yakiwa yamefunguka asubuhi yameshageuka rangi.

KiromoShambani
Bi, vidukari vimejaa kwenye kunde na asumini pia.

BiAsumini
Mwarobaini. Kokwa kavu zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zilale usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya maji kidogo ili ishike kwenye jani. Nyunyiza jioni, chini ya majani ndiko wanakokaa. Jua linaivunja nguvu dawa hii. Usiiweke akiba, iliyobaki kesho haina kazi. Rudia baada ya siku 5 hadi 7.

KijanaWaNianjema
Na kama sina mizani, gramu 50 ni kiasi gani?

BiAsumini
Peleka kokwa kwa muuza duka wa jirani akupimie mara moja, kisha weka alama kwenye kikombe chako.