Mishipa ya moyo imeziba: stenti au kupasuliwa kifua?

MamaNjiro
Wadau habari zenu. Baba yangu ana miaka 64 na kisukari cha muda mrefu. Siku hizi akipanda kilima kidogo tu anashika kifua na kusimama. Tulimpeleka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar, akapigwa picha ya mishipa ya moyo: mitatu imeziba. Sasa familia tumegawanyika, wengine stenti, wengine upasuaji. Naomba mawazo.

Kibosho_Juu
Pole sana dada. Shemeji yangu aliwekewa stenti. Wanapitia mshipa wa mkononi, wanapeleka waya mwembamba mpaka moyoni, wanajaza puto kutanua palipoziba, halafu kinabaki kijibomba cha wavu chenye dawa, ndiyo stenti yenyewe. Hakulazwa usingizi, alikuwa anaongea na daktari. Mzee wa miaka 64 mnampasua kifua cha nini?

Nesi_Moshi
Kibosho_Juu, shemeji ana kisukari? Na ilikuwa mishipa mingapi?

Kibosho_Juu
Hana. Ni mmoja.

Nesi_Moshi
Basi ni habari nyingine kabisa. Stenti inatibu pale ilipowekwa. Kisukari kinaharibu mshipa sehemu nyingi, kwa hiyo leo unazibua hapa, kesho panaziba mbele yake. Kwenye baipasi, yaani huo upasuaji wa kifua, daktari anachukua mshipa wa ndani ya kifua, na mingine ya mguuni, anaiunganisha ili damu ipite kando ya sehemu zote zilizoziba. Ule wa kifuani mara nyingi unadumu zaidi ya miaka 10; wa mguuni unawahi kuchoka.

Kuna utafiti uliotoka 2012, FREEDOM, wa wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa zaidi ya mmoja iliyoziba. Ndani ya miaka 5 walifariki 16.3% ya waliowekewa stenti, na 10.9% ya waliopasuliwa. Lakini sikufichi, kiharusi kiliwapata zaidi waliopasuliwa: 5.2% dhidi ya 2.4%. Muulizeni daktari kuhusu hilo, na hali ya figo zake. Mimi angekuwa baba yangu, ningesema apasuliwe.

Sakina_Arusha
Naunga mkono. Ila ieleweke hayo ni ya mtu mwenye nafasi ya kupanga. Mshtuko wa moyo ukimkuta mtu huku Arusha, usisubiri ndege ya Dar. Kimbilia hospitali ya karibu apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Kila saa moyo unakufa. Na anayewekewa stenti asije akaacha aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, bila ruhusa ya daktari, stenti inaweza kuziba ghafla.

MamaNjiro
Mungu awabariki. Nimemsomea Baba yote. Ameuliza kitu kimoja tu: atarudi lini kukamua ng'ombe?

Nesi_Moshi
Mwambie mfupa wa kifua unafungwa kwa waya na unahitaji kama miezi mitatu kuunga. Asinyanyue ndoo, na akikohoa akumbatie mto kifuani. Tafuteni wa kukamua kuanzia sasa, na sukari ishuke kabla ya kupasuliwa.