Tupeane uzoefu: fundi akikuta kazi kubwa kuliko alivyokadiria, bei ibaki ile ile?

Mwanzisha mada, Shangani, Mtwara

Wadau habari za jioni. Naleta hili kwa sababu limenikuta nyumbani kwangu na hadi leo linanikaa rohoni.

Mwezi wa saba mwaka jana nilimwita fundi anichimbie shimo la choo nyuma ya nyumba. Tulipatana futi 12 kwenda chini, kuchimba na kujengea tofali mpaka mfuniko, ufundi 450,000. Nikatanguliza 200,000. Siku mbili za mwanzo ilikuwa mchanga mtupu na kazi ikakimbia. Siku ya tatu, kwenye futi ya tano, sururu ikatoa cheche. Anayekaa Shangani ananielewa. Chini ya mchanga wetu kuna jiwe la matumbawe, na halina mpangilio: jirani anachimba hadi futi kumi halioni, wewe unalikuta juu juu.

Fundi alinyamaza. Aliendelea siku sita nyingine, akaleta tindo na nyundo kubwa, akaongeza vijana wawili. Mimi nawapelekea chai na mihogo, najua kazi inakwenda. Siku ya kumaliza akanipa karatasi imeandikwa 750,000. "Mama, si ulilionaga hilo jiwe mwenyewe?" Nililiona kweli. Ila hakuna aliyenitajia kwamba jiwe lile lina bei yake. Ningeambiwa siku ile ya tatu, ningesema tuishie futi saba, tutanue kwa upande, au tuhamie kona nyingine. Uamuzi ule ulikuwa wangu na nilinyang'anywa.

Tukafikishana kwa mjumbe, nikalipa 600,000. Yeye aliondoka amenuna, mimi nikabaki na deni kwenye kikoba.

Msimamo wangu ni huu. Kazi ambayo fundi ameiona kwa macho, akaipima na kuitajia bei, abaki na bei yake hata kama imemkalia vibaya. Kilichofichika ardhini, ndani ya ukuta au chini ya bati kina haki ya kuzungumzwa upya, lakini kizungumzwe siku ile ile kilipoonekana, zana zikiwa chini. Nyie yamewakuta yapi? Mafundi karibuni pia, sipendi tuwaseme wakiwa hawapo.

Mdau wa Mikindani

Pole mama. Mimi nitasema la upande wa pili, maana nimewahi kutendewa vizuri.

Nina mashua. Kuna mzee mmoja huku ndiye hunikalafatia kila mwaka, yaani kuziba mianya ya mbao zake, kwa pamba na sifa (mafuta ya papa) kama walivyofanya wazee. Mwaka juzi tulipatana 180,000. Akaanza kutoa pamba ya zamani kwa patasi, mshono kwa mshono. Alipofika ubao wa tatu kutoka kwenye mkuku, ule mti mkuu wa chini, patasi ikazama mpaka karibu na mpini, ubao umelainika kama muhogo uliooza. Mimi nilikuwa sokoni. Akanipigia: "Njoo uone kabla sijagusa kingine."

Nilipofika hakuniambia neno la pesa. Alinipa patasi mkononi, akasema chokoa mwenyewe. Nikachokoa. Mataruma mawili ya karibu nao, zile mbavu za ndani zinazoshika mbao, yalikuwa yameliwa na mdudu kwa ndani, kwa nje yanang'aa. Ndipo akanipa njia mbili. Ya kwanza, abadili ubao na mataruma kwa 260,000 zaidi, mbao juu yangu. Ya pili, anizibe kwa bei ile ile tuliyopatana, ila hatanidhamini nikitoka nje ya ghuba wakati wa upepo wa kusi.

Nilikaa juu ya mchanga pale nusu saa nahesabu. Nikachagua ya kwanza. Iliniuma, ila sijawahi kusema mzee yule amenipandishia bei. Mpaka leo nikiweka mkono kwenye ubao ule mpya najua pesa yangu ilikwenda wapi.

Fundi ujenzi, Lindi mjini

Asante mama kwa kutukaribisha. Nimefanya kazi hii miaka 16, na niseme ukweli hata kama wenzangu watanikasirikia.

Kuna nyumba nilichukua kazi ya plasta kule Mtanda. Niliutazama ukuta kwa macho, sikushusha timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umenyooka. Nikataja bei nikijua naweka plasta ya sentimita moja na nusu. Tulipoanza, ukuta wa sebuleni ukawa umeegemea nje. Kuunyoosha, chini ilitosha sentimita moja na nusu, juu ikafika nne. Huwezi kuipiga nne kwa mkupuo mmoja, itaporomoka, lazima upige tabaka, usubiri, urudie. Siku tano zikawa tisa. Saidia fundi wangu wawili ni wa kulipwa kila jioni, hao hawajui habari za makadirio.

Sikumdai mwenye nyumba nyongeza ya ufundi. Simenti iliyozidi nilimwambia mapema akanunua, lakini zile siku nne nilizila mimi. Ule ukuta haukujificha. Ulikuwa wazi mbele yangu, na timazi ilikuwa ndani ya mfuko wangu wa zana. Nilikwenda nyumbani na 35,000 kwa kazi ya siku tisa. Mke wangu aliniuliza nikashindwa kumjibu.

Lakini na nyie wenye kazi mtusikilize. Kuna hii ya "fundi, ukimaliza hapo nisawazishie na kibaraza", "fundi, weka na karo hapo nje". Kila kimoja mnakiita kidogo. Siku tatu zinakwisha kwa vidogo, na fundi akitaja pesa anaambiwa mbona ana tamaa. Kazi iliyoongezwa na mwenye nyumba ni kazi mpya. Nayo itajwe bei yake kabla ndoo ya kwanza haijakorogwa.

Mdau wa Masasi

Mimi yangu ni ya pikipiki. Tulipatana kubadili pete za pistoni, fundi alipofungua akakuta silinda imechimbika. Akapiga picha, akanitumia, akasubiri jibu. Nikakubali. Dakika tano tu, hatukugombana.

Mkulima, Tandahimba

Hapa niungame, maana kosa lilikuwa langu.

Nilipatana na fundi kupaua nyumba mwezi wa tisa, ufundi na vifaa vyote juu yake, nikamwahidi pesa ya bati nikiuza korosho mnada wa kwanza. Wanaofahamu stakabadhi ghalani wanajua, korosho inaingia ghalani kupitia chama cha msingi, inasubiri mnada, kisha unasubiri pesa iingie benki. Mzigo wangu haukuuzwa mnada wa kwanza. Pesa ilipoingia ilikuwa Desemba na mvua zimeshaanza. Bati zimepanda, kenchi alizokwisha kuzipigilia zimeloa na nyingine zimepinda.

Nikamwambia bei ni ile ile, tulikubaliana. Akafanya. Hakusema kitu. Ila nilimwona siku ya mwisho anaokota misumari iliyopinda, anainyoosha juu ya jiwe ili imalizie kofia ya paa, kwa sababu hana ya kununulia mingine. Picha hiyo sijaisahau. Nilishikilia neno la bei wakati neno la tarehe nililivunja mimi. Msimu uliofuata nilimpelekea 120,000 nyumbani kwake, akapokea kwa mikono miwili. Nadhani ningempa siku ile ile.

Mdau wa Ligula

Nyongeza fupi. Makubaliano ya mdomo ni mkataba halali chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Shida huja kwenye ushahidi. Mimi huandika kwenye daftari la shule: kazi yenyewe, bei, kilichotangulizwa, na mstari mmoja wa "tukikuta jambo jipya tunasimama". Tunatia sahihi wote, kila mmoja anapiga picha kwa simu yake.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote, na ya fundi wa Lindi nimeyasoma mara mbili. Kaka, ile 35,000 imeniumiza. Na mkulima, Mungu akuzidishie, wengi wetu tusingerudi.

Sasa nina swali la kweli. Mwezi ujao nataka kuchimba shimo la pili, la maji machafu, upande wa barabarani. Jiwe nitalijuaje kabla ya kupatana bei?

Fundi ujenzi, Lindi mjini

Mama, chukua kipande cha nondo ya milimita 12, urefu wa mita mbili na nusu, kinoe ncha. Kipigilie kwa nyundo sehemu nne ndani ya duara la shimo, fundi akiwepo. Kwenye mchanga kitashuka taratibu na nyundo haina sauti. Kikifika kwenye jiwe kitagoma na mkono utarushwa. Weka alama ya chaki pale kilipoishia, kichomoe, pima. Mlipe fundi nauli na chakula cha siku hiyo hata kama hamjapatana bado. Bei mzungumze hapo hapo, nondo ikiwa mkononi.