Elnino, Elnino, Elnino! Na mtaro uliojaa taka nao umetoka Pasifiki?

Wakuu, leo mnivumilie, nimechoka na hili neno.

Kwenye kikao cha mtaa tumeuliza tena kwa nini mtaro hauzibuliwi na vuli hiyo inakuja. Jibu tulilopewa: "Yale mafuriko yalikuwa Elnino, ndugu zangu, nani anashindana na Mungu?" Watu wakapiga makofi. Makofi! Mtaro wenyewe umejaa mchanga, viroba na pampasi za watoto, na katikati umeota mgomba ambao sasa una mkungu. Huo nao umepandwa na Elnino?

Elnino ni habari ya Pasifiki. Upepo unaosukuma maji ya moto kwenda upande wa Indonesia ukilegea, maji hayo yanarudi kuelekea Peru na mvua za dunia zinahama. Kwetu mara nyingi inaongeza mvua za VULI. Lakini hata hapo haifanyi kazi peke yake. Bahari ya Hindi ina mtindo wake: upande wetu ukichemka na upande wa Indonesia ukapoa, mawingu yanajazana upande wetu. Mwaka 2015 Elnino ilikuwa kubwa mno kule Pasifiki, sisi tukaonjeshwa tu. Mwaka 2019 Pasifiki haikuwa na Elnino ya maana, lakini Bahari ya Hindi ilivurugika vibaya, Afrika Mashariki ikafurika, na nzige wakapata pa kuzaliana. Mwaka 2023 vyote viwili vilikuja pamoja.

Sasa masika ya 2024, yale yaliyozamisha Rufiji, watu bado wanaimba Elnino. Wanasayansi walioyachunguza hawakuona mkono wa Elnino wala wa Bahari ya Hindi. Walichokiona ni dunia iliyopata joto. Kila nyuzi moja ya Selsiasi ikiongezeka, hewa inabeba unyevu kama asilimia 7 zaidi, na ikiamua kuumwaga inaumwaga wote. Hiyo haiji ikaondoka kama Elnino, ipo na inazidi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tulionywa. Kabla vuli ya 2023 haijaanza, TMA, mamlaka ya hali ya hewa, walishatangaza mvua juu ya wastani. Sijui binadamu anataka taarifa gani zaidi ya hiyo. Kwetu halikuja hata koleo moja. Maji yalipoingia yalifika kwenye soketi za ukutani, jirani yangu akapandisha watoto juu ya kabati, na mashine yake ya kusaga ikalala kwenye tope mpaka ikafa.

Halafu anatokea mtu na suti anasema tusimlaumu mtu.

Tunalipa ada ya taka kila mwezi na risiti ninazo. Nataka kujua hela ya kuzibua mtaro imekwenda wapi, na huo mgomba unang'olewa lini. Anayetaka kunijibu "Elnino" apite tu.